Ijumaa Tano Mbele ya Sinema

Mama mmoja, msomaji wa siku nyingi wa kurasa hizi, alitusimamisha nje ya msikiti akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake. Mwanawe wa miaka minane hutazama katuni kwenye simu kila alasiri, peke yake chumbani, na usiku mmoja aliamka akilia kwa sababu ya jambo aliloliona humo. "Nilidhani ni katuni tu," alisema. "Nyinyi waandishi kila siku mnatuhimiza tuwachunge watoto na sinema. Je, mmezitazama hizo sinema zenyewe?"

Kwa haki hatukuwa tumezitazama. Tumekuwa tukizisema filamu kama mtu anayekisema chakula ambacho hajakionja. Tukarudi nyumbani na aibu yetu, na usiku ule sisi wazazi wawili tukakubaliana jambo: kwa Ijumaa tano, baada ya Isha, tutakaa sebuleni na wanetu watatu pamoja na bibi yao, simu zote zikiwa ndani ya kapu, tutazame filamu moja hadi mwisho, kisha tuizungumze. Tulichagua filamu tano za aina mbalimbali, zilizotoka katika miaka hii ya karibuni na zinazotajwa sana. Hukumu tunazozitoa hapa si za wataalamu wa sanaa. Ni za watazamaji waliokaa mkekani wakiwa na bakuli la bisi na watoto ubavuni.

Wasiwasi anaposhika usukani

Ijumaa ya kwanza tulianza na kile tulichokidhani kuwa chepesi: Inside Out 2, katuni ya kuchekesha ya studio ya Pixar iliyotoka mwaka 2024 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Ni mwendelezo wa filamu ya mwaka 2015. Karibu kisa chote hutokea ndani ya kichwa cha msichana aitwaye Riley, ambamo hisia zake, Furaha, Huzuni, Hasira, Hofu na Karaha, zimo kama watu wadogo wanaogombea meza ya uongozi. Sasa Riley ametimiza miaka 13. Usiku mmoja kengele ya kubalehe inalia, mafundi wanabomoa chumba, na wageni wapya wanaingia, mkuu wao akiwa Wasiwasi.

Tulicheka sana, kisha tukaacha kucheka. Wasiwasi si mwovu. Anaamini kwamba anamkinga msichana na mabaya ya kesho, na kwa kumkinga huko anamfukuza kwa rafiki zake, anamnyima usingizi, na mwishowe, katikati ya mchezo wa magongo ya barafuni, anamfikisha mahali ambapo pumzi zinambana na moyo unamwenda mbio. Binti yetu ana umri huohuo wa Riley. Picha ile ilipokuwa ikipita tulimwona ameshika kifua chake. Baadaye alituambia kwamba hali ile imemkuta mara mbili shuleni kabla ya mitihani, naye alidhani ni ugonjwa wa moyo na akaogopa kutwambia.

Lugha yetu ilikwisha kumjua mgeni huyu zamani. Neno wasiwasi limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono: sauti ndogo isiyokoma sikioni. Filamu imempa mnong'ono huo sura na nywele za kusimama, na mtoto akishaiona sura yake huweza kumtaja.

Lakini tuna neno la lawama. Riley anapita katika dhoruba hii bila mtu mzima wa kumshika mkono. Wazazi wake wanampeleka kambini kwa gari na kuondoka, na kila kitu kinatengenezwa humo humo kichwani mwake. Bibi ndiye aliyeliona hilo kwanza. "Hana shangazi huyu mtoto?" aliuliza. "Hana hata somo?" Katika pwani yetu binti aliyevunja ungo hakuachwa na mawazo yake peke yake, palikuwa na mwanamke aliyekabidhiwa kumfunza. Tuseme kweli, ni wangapi miongoni mwetu leo tumewapa binti zetu huyo mtu? Filamu hii tunaipendekeza kwa watoto wa miaka tisa na kuendelea, kwa sharti kwamba mama au shangazi awe pale inapokwisha.

Gharika isiyo na neno

Ijumaa ya pili tulitazama Flow, katuni kutoka Latvia iliyoongozwa na Gints Zilbalodis, ambayo mwezi Machi 2025 ilitwaa tuzo ya Oscar ya katuni bora na kuwa filamu ya kwanza ya nchi hiyo ndogo kupata heshima hiyo. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote huipata bure. Vijana wetu wanaochora kwenye kompyuta za kuazima na walijue hilo.

Hakuna mwanadamu ndani yake wala neno moja linalosemwa. Maji yanapanda na kuufunika ulimwengu, na paka mmoja anayeogopa maji anajikuta ndani ya mashua pamoja na mbwa, lemuri wa Bukini anayependa kukusanya vitu, kapibara, yule mnyama mnene wa Amerika Kusini wa jamii ya panya, na ndege mrefu wa miguu mirembo ambaye kijana wetu alimtambua mara moja kwa kuwa yuko katika mbuga zetu wenyewe: karani tamba. Kila mnyama analia kwa sauti ya mnyama wa kweli, ila kapibara, ambaye sauti yake halisi haikuwaridhisha watengenezaji hata wakamwazimia ya ndama wa ngamia.

Hii ndiyo filamu pekee ambayo bibi hakuhitaji kutafsiriwa. Kwa saa moja na nusu hakuna aliyekuwa na elimu kuliko mwenziwe pale sebuleni, na mdogo wetu wa miaka minane ndiye aliyekuwa akimweleza bibi yake kwa nini ndege amevunjika bawa: alimtetea paka mbele ya jamaa zake mwenyewe, wakampiga.

Hapana damu, hapana matusi, hapana mahaba. Hata hivyo si filamu nyepesi. Maji yanapopungua, wanyama wa nchi kavu wanaokoka, na nyangumi aliyemwokoa paka anabaki amekwama juu ya ardhi, akihema. Mtoto alituuliza kama atakufa. Hatukuwa na haraka ya kumjibu. Tuna jamaa waliopoteza mashamba yao katika mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024, na mtoto huyo alikuwa amewasikia wakisimulia. Alitaka kujua kama inawezekana mvua ikakatika na bado mtu akawa ameangamia. Tulimwambia inawezekana, na kwamba ndiyo maana jamaa wale walikaa kwetu miezi miwili. Msizime mapema: majina ya watengenezaji yakishapita, kuna picha moja zaidi, na mtoto wenu ataitaka.

Jangwa la kuazima

Ijumaa ya tatu ilikuwa zamu ya kijana wetu wa miaka 17 kuchagua, naye akachagua Dune: Part Two, filamu ya kubuni ya kisayansi iliyotoka mwaka 2024, ya mwongozaji wa Kanada Denis Villeneuve, iliyotokana na riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965. Ni ndefu, karibu saa mbili na dakika hamsini, na ina vita vingi. Mdogo alilazwa mapema.

Uzuri wake hatuwezi kuuficha. Jangwa lililopigwa picha Wadi Rum nchini Jordan na katika mchanga wa Abu Dhabi linaonekana kama halijawahi kuonekana, na tuzo za Oscar ilizopata kwa sauti na kwa picha za ufundi zinastahili. Lakini Mwislamu akiitazama, masikio yake husimama tangu mwanzo. Watu wa jangwa hilo wanamngoja mtu wanayemwita Mahdi. Wanamwita pia Lisan al-Gaib. Mavazi yao, swala zao za kuinama mchangani, majina yao, vyote vinanukia ulimwengu tunaoujua; ila ukihesabu waigizaji wakuu waliopewa watu hao, wenye asili ya ulimwengu huo hawajazi hata mkono mmoja. Wameazimwa mavazi na maneno, wenyewe wakaachwa nje. Na neno jihadi, ambalo Herbert alilitumia waziwazi katika riwaya yake, filamu imelikwepa na kusema vita vitakatifu. Tukauliza: ikiwa neno linaogopwa, kwa nini mengine yote yalichukuliwa?

Kijana wetu hakukubaliana nasi, na tunaona ni haki tuiandike hoja yake. Alisema kwamba filamu haiidhihaki imani, bali inawafichua wanaoitumia. Utabiri ambao watu wa jangwa wanauamini ulipandwa zamani na kundi la wanawake wa kasri kwa ajili ya siasa zao. Paul, kijana wa ukoo wa kitawala aliyetoka ng'ambo, anajua kwamba ni uongo, na mwishowe anaupanda uongo huo kama farasi. Kuna mahali anakana kabisa kuwa yeye ndiye anayengojwa, na mzee mmoja anashangilia: unyenyekevu huo ndio dalili yenyewe! Tulicheka, kisha kijana akatutazama na kuuliza kama hatujawahi kumwona kiongozi wa namna hiyo akipokewa kwa takbira. Hatukumjibu.

Ni msichana Chani, mwenyeji wa jangwa, anayekataa kupiga magoti wakati wote wamepiga, akaondoka peke yake. Filamu inakwishia usoni mwake. Kwa vijana wa miaka 15 na zaidi, tunasema watazame, na wazazi wajiandae kushindwa hoja moja au mbili.

Shule iliyojengwa usiku

Ijumaa ya nne hatukuwa na bisi. Tulitazama No Other Land, filamu ya hali halisi iliyotengenezwa na Wapalestina wawili, Basel Adra na Hamdan Ballal, na Waisraeli wawili, Yuval Abraham na Rachel Szor. Ilipigwa kati ya mwaka 2019 na 2023 huko Masafer Yatta, vijiji vidogo vya wafugaji kusini mwa Al-Khalil. Jeshi la Israel lilitangaza eneo hilo kuwa uwanja wa mazoezi ya silaha katika miaka ya 1980, na Mei 2022 mahakama kuu ya Israel ikaruhusu wenyeji waondolewe.

Tulitarajia mizinga. Tulichokiona ni tingatinga likibomoa nyumba asubuhi, mama akitoa magodoro, na familia ikihamia pangoni. Tuliona saruji ikimiminwa kisimani. Tulisikia kisa cha shule ambayo wanawake na watoto waliijenga mchana na wanaume wakaiendeleza usiku ili wasikamatwe, na kwamba waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, Tony Blair, alipokwenda na kutembea hapo kwa dakika saba, amri ya kubomoa katika njia aliyopita ikafutwa. Dakika saba za mgeni zilipata kile ambacho wenyeji hawakukipata kwa miaka ya kwenda mahakamani. Baadaye, mbele ya kamera, shule inabomolewa watoto wakitazama.

Tulidhani tutatoka na hasira tu. Lakini kiini cha filamu ni urafiki wa Basel na Yuval, na filamu haiupambi. Yuval anakuja kuandika habari, jioni anapanda gari na kurudi kwake. Basel hawezi kwenda anakotaka hata kwa saa moja. Wote wawili wanajua. Kuna nyakati wanakaa wakivuta shisha bila kusema neno, na kimya hicho kilitueleza zaidi ya hotuba nyingi tulizozisikia.

Filamu ilishinda Oscar Machi 2025, na mpaka siku hiyo haikuwa imepata kampuni ya kuisambaza Marekani. Wiki chache tu baada ya tuzo, Hamdan Ballal alishambuliwa kijijini kwake, akakamatwa na wanajeshi, akaachiwa siku iliyofuata. Mdogo wetu hakuitazama, wala hatushauri mtoto aliye chini ya miaka 13 aitazame, kwa kuwa mtu anapigwa risasi humo na si uigizaji. Binti yetu aliuliza jambo moja tu kabla ya kwenda kulala: wale watoto sasa wanasoma wapi?

Mama aliyekataza

Ijumaa ya mwisho ilikuwa ya Io Capitano, filamu ya safari ya Mwitalia Matteo Garrone, iliyompatia tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Venice mwaka 2023. Seydou na Moussa ni binamu wa miaka 16 mjini Dakar. Hawakimbii vita wala njaa. Nyumbani kuna ngoma, kuna dada wadogo, kuna mama. Wanataka kuwa wanamuziki Ulaya, na kwa miezi wanabeba zege kwa siri ili wapate nauli.

Inazungumzwa zaidi kwa Kiwolofu, hivyo kijana wetu alikuwa akimsomea bibi maandishi ya tafsiri kwa Kiswahili. Alisoma vizuri mpaka mahali Seydou anapomgusia mama yake juu ya safari, na mama anawaka kwa ghadhabu. Hapo akanyamaza.

"Mbona umenyamaza, mume wangu?" bibi aliuliza. "Anasema nini mamake?"

"Anamkataza," alisema, na hakusoma tena kwa muda mrefu. Binti akashika zamu.

Usiku ule Seydou anamwambia mama yake kwamba alikuwa akitania. Kisha anaondoka bila kuaga. Wanapita Agadez na pasipoti za bandia. Katika Sahara mtu anaanguka kutoka kwenye gari na dereva hasimami. Mwanamke mmoja anashindwa kutembea, na Seydou, asiyeweza kumwokoa, anamwota akielea hewani huku amemshika mkono. Nchini Libya binamu wanatenganishwa. Kuna chumba cha mateso ambacho mkono wetu ulifunika macho ya binti. Mwishowe, kwa kuwa hana fedha, Seydou anapewa boti ya watu 250 aiendeshe hadi Italia, yeye asiyejua hata kuogelea. Kisa hiki kimejengwa juu ya simulizi za kweli, ikiwamo ya kijana wa miaka 15 aliyelazimishwa kushika usukani namna hiyo.

Seydou Sarr, kijana wa Senegal aliyeigiza, alipewa huko Venice tuzo ya mwigizaji chipukizi, na kila anayeiona sura yake katika dakika ya mwisho ataelewa kwa nini. Lawama yetu ni kwamba filamu inakwisha kabla boti haijatia nanga, wakati ambapo mwenye kushika usukani huko Italia hushitakiwa kama msafirishaji haramu. Mtazamaji anashangilia, kijana yule wa kweli alikuwa na mengi mbele yake.

Asubuhi baada ya Alfajiri kijana wetu alituletea simu yake. Humo mlikuwa na ujumbe wa sauti wa miezi mitatu kutoka kwa mtu anayejiita wakala, akiwaahidi yeye na mwanafunzi mwenzake kazi katika hoteli ng'ambo mara wamalizapo kidato cha nne. Alitaka laki nane za kianzio. Kijana wetu alikwisha kuweka akiba ya laki mbili na nusu. Mwenzake alikwisha kulipa zote.

Tulimuuliza kwa nini hakutwambia. "Mngekataa," alijibu.

Alikuwa sahihi, tungekataa hata kabla hajamaliza sentensi. Hatari za njia alizijua, kwani vijana huzijua kuliko sisi. Ambalo hakuwa nalo ni mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho. Asubuhi ile tulimsikiliza saa nzima, na ilikuwa kazi ngumu kuliko filamu zote tano. Tumempigia mjomba wake aliyeko Muscat atuulizie, na tumekwenda kwa wazazi wa yule mwenzake, ambao hawakuwa na habari yoyote. Mpaka tunaandika haya, wakala hapokei simu, na jibu la mjomba hatujalipata.

Yule mama wa msikitini tulimwona tena Ijumaa iliyopita. Tulimwambia kwamba sasa tumezitazama, japo tano tu, na kwamba mwanawe aanze na ile ya paka, naye akae karibu naye. Alituuliza kama kuna nyingine. Kapu la simu bado liko sebuleni, na zamu ijayo ni ya bibi kuchagua.